Flashi ya Chande

Waliniita Newala mwezi wa kumi, msimu umekolea,
nikafika na kompyuta, mkoba wa nyaya na kiburi kidogo.
Mifumo mitatu, wakasema, haisemezani:
wa mizani kule Kitangari, wa ghala hapa mjini,
na wa benki, ambao hata meneja huutaja kwa sauti ya chini.
"Iunganishe," akasema katibu wa ushirika,
kama anayeomba mlango urudishiwe.

Kila mfumo ulinijibu kwa kilugha cha kwao.
Wa mizani unamjua mkulima: namba, jina, kilo.
Wa ghala haumjui mkulima, unaijua loti,
unyevu wake, daraja lake, rundo la ngapi kutoka mlangoni.
Wa benki haujapata kusikia korosho.
Unajua akaunti, na unajua kukataa.

Siku nne nikachora visanduku na mishale.
Ya tano, Biti Mchopa, karani wa stakabadhi,
akachungulia kioo changu, akacheka puani:
"Umechora mashine. Gunia liko wapi?"

Basi nikatoka, nikalifuata gunia.
Limeshonwa kwa katani, mikono iliyolinyanyua inanuka salfa.
Mizani: kilo themanini na moja, toa moja ya gunia.
Risiti. Lori. Ghala. Likachomwa bambo,
likatema punje za ushahidi.
Mnada. Kisha kimya.
Na ndani ya kila kimya, kati ya mfumo na mfumo,
nilimkuta mtu yuleyule juu ya pikipiki:
Chande Liloko, flashi ndani ya soksi ya kushoto.
"Mfukoni ilidondoka mara moja," akasema.
"Siku hiyo sikupita njia kuu."

Kumbe kiungo kilikuwepo miaka yote,
kinakula vumbi, kinajaza mafuta kwa mkopo.

Shuleni niliambiwa mizani ni ya shairi,
silabi ikizidi, ubeti unachechemea.
Huku herufi ikizidi, inachechemea ada ya mtoto:
Kitangari wameandika S. Nalinga,
ghalani Somoe Nalingana,
benki inamngoja Somoe Nalinganga, wala hamjui mwingine.
"Ni mmoja huyo," Chande akasema,
"nyumba ya bati jipya, mjukuu wake yuko Ndanda.
Ila Somoe wa Mnyambe ni mwingine, tena ni marehemu.
Msije mkamlipa huyu haki ya yule."
Yote hayo aliyahifadhi chini ya helmeti iliyopasuka.

Nikafuta visanduku.
Nikaanza na maswali ya Biti Mchopa:
gunia likivuka mlango, nani lazima ajue?
Nyundo ya mnada ikigonga, nani halali?
Tukaliwekea gunia namba moja
ya kutembea nalo toka sindano hadi simu,
Chande akitaja majina, mimi nikiandika,
chupa ya uraka katikati yetu, ya kwake zaidi.

Jumanne simu ya Somoe ikalia. Fedha.
Jumatano akaja mwenyewe,
nikajiweka sawa kupokea shukrani.
"Kilo zangu," akasema, "nani kazila?"
Tukahesabu. Mizani ilitoa kilo ya gunia.
Ghala nalo likatoa kilo ya gunia.
Kila mfumo ulikuwa mwaminifu, peke yake.
Magunia kumi na manne, kilo kumi na nne,
wizi usio na mwizi.
Hesabu hiyo aliifanya njiani, kichwani,
nyuma ya pikipiki ya Chande.

Chande alibaki nje, hakuzima injini.
Nikamfuata, nikitafuta la kumwambia
mtu ambaye kazi yake nimeigeuza mshale.
Akavuta soksi juu, nikaona kipande cheusi kinachungulia.
"Bado unayo?"
"Si mmesema mtandao?" akajibu.
"Ngoja inyeshe."