Mradi Korongo

Bwana Dornseif ameandika kutoka kitandani kwake:
"Nembo ya mteja, ukurasa wa sitini na mbili,
isogee kushoto. Kidogo."
Kidogo kiasi gani, hakusema.
Ni saa tisa kasorobo usiku, Frankfurt, ghorofa ya thelathini na moja,
na mimi, Henrike Lohmann, mwenye shahada mbili na deni moja,
nasogeza nembo kushoto,
naitazama,
nairudisha nusu.

Kazi yangu ina jina refu. Mama, kule Husum, hulikatiza:
"Binti yangu yuko benki," huwaambia majirani,
nao huuliza kama naweza kuwapunguzia riba.
Siwezi. Sijawahi kushika hata sarafu ya mtu.
Nashika safu na mistari,
nashika mapato ya mwaka ambao haujazaliwa,
naulea kwa asilimia tatu nukta mbili
mpaka uote meno.

Chakula cha jioni hulipiwa na benki kuanzia saa mbili.
Saa mbili kasoro dakika moja, njaa ni yako mwenyewe;
saa mbili kamili inageuka gharama za mteja.
Tambi, tena. Nusu mdomoni, nusu kwenye kibodi.

Tjark analala chooni, mlango wa mwisho, dakika kumi na tano,
simu kifuani imwamshe.
Tumekubaliana: akiulizwa, yuko kwenye printa.
Nikiulizwa mimi, niko kwenye printa.
Haba na haba hujaza kibaba:
kibaba chetu kina kurasa tisini na nne
na hakuna atakayesoma zaidi ya sita.

Mteja tunamwita Korongo, maana jina lake ni siri.
Hana mabawa. Ni kiwanda cha brashi
bondeni, ndani kabisa ya Msitu Mweusi,
watu mia moja themanini na sita,
nami nimewakunja wote
wakaenea kwenye mstari wa arobaini na saba.

Februari tulikwenda kukitazama.
Theluji iliingia viatuni mwangu, viatu vya zulia.
Bi Rombach, miaka thelathini na minne kwenye benchi lile lile,
hakuuliza sisi ni nani. Nadhani alijua.
Alichukua kipande cha mti chenye matundu,
akapitisha waya, akakunja singa za farasi, akavuta,
tundu kwa tundu, bila kutazama vidole,
akazikata sawasawa, akanipa.
"Ya mezani. Hata ninyi mna vumbi."
Dornseif alicheka.
Mimi nilikosa la kusema,
nikaandika daftarini: *brashi ngapi kwa saa?*

Kuna hali ya kwanza, kuna hali ya pili,
na kuna hali ya tatu, ambayo mnunuzi ataipenda:
andika mia moja na ishirini mahali pa mia moja themanini na sita,
faida inapanda kama maziwa jikoni.
Nimeijaribu mara kumi na moja. Nina mkono mwepesi.
Sitini na sita hao ni akina nani, jedwali halijui,
nami sikuliuliza.

Usiku huu natoa brashi kwenye droo,
nafagia makombo kati ya vitufe,
na singa moja ngumu inabonyeza sita.
Watu elfu moja mia nane sitini na sita!
Mstari wa arobaini na saba umefura,
faida imezama chini ya sifuri, kurasa zote nyekundu,
na bonde zima, pamoja na mabonde ya jirani,
limeajiriwa.

Nilicheka peke yangu mpaka taa za kihisi zikawaka.
Nikawaacha kazini kidogo.
Kidogo kiasi gani, sisemi.
Kisha nikafuta.

"Nembo sasa imekaa," ameandika Dornseif.
Tjark anarudi, alama ya kigae shavuni.
"Vipi printa?" namuuliza.
"Inaota," anasema, anaketi.