Mkono wa Tatu

Gereji kwetu Igogo rangi huhesabiwa kwa mikono:
mkono wa kwanza unashika, wa pili unafunika,
wa tatu ndio unaoitwa rangi.
Nimepaka malori, nimepaka mageti,
nimepaka jeneza moja la dereva aliyetaka
liwe bluu kama kichwa cha Scania yake.
Kitu cha kutosha kiganjani sikuwahi kupaka
mpaka Bi Nkwimba alipofungua fundo la kanga
akanitolea kamera.

Ilikuwa ya rangi ya fedha, imekwaruzika,
kwenye kona shaba ikichungulia.
"Ifanye nyeusi," akasema. "Nyeusi isiyobanduka.
Marehemu Lubango alichukia mng'ao. Alikuwa akisema
dagaa huifuata taa, binadamu huikimbia;
ukitaka uso wa kweli, nenda na giza mkononi."

Basi.
Skrubu kumi na moja, ndogo kama chawa,
nikazipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake,
nikamkataza Doto kupiga chafya.
Lenzi nikaivika soksi ya mtoto.
Msasa namba mia nne, kisha elfu moja, kisha elfu mbili,
maji ya sabuni yakitiririka kijivu hadi kwenye viatu,
siku mbili, mpaka ikabaki shaba tupu, uchi,
ikinuka kama sarafu ya zamani.

Na pale juu, kando ya wenzo wa kuvutia filamu,
kibonde.
Pamelika, pamelainika kama kizingiti cha mlango.
Kidole gumba cha mtu.
Maharusi wa Nyakato, picha za pasipoti,
walimu wapya wa Butimba na makoti ya kuazima,
vichanga waliolazwa juu ya kitambaa chekundu:
kila mmoja ameondoka na chembe yake ya shaba.
Nikaweka gumba langu. Halikukaa.

Pati ilikuwepo, kopo zima.
Mtaa mzima unajua hakuna bonde nisiloliziba.

Mkono wa kwanza ukashika.
Wa pili niliupiga jioni, kosa langu;
upepo uligeuka, na wadudu wa ziwani
wakaja kama moshi unaotafuta nyumba,
wakatua kwenye rangi mbichi, mia, mia mbili,
kila mmoja na vibawa vyake kama nukta mbili za vumbi.
Nikatukana kwa Kisukuma, nikarudia kwa Kikerewe
ili ziwa lote lielewe.
Halafu nikachukua msasa.

Tanuri ni la Mama Kokuhirwa, la skonzi.
Aliniruhusu usiku, baada ya trei ya mwisho,
joto likiwa limetulia, lisilo na hasira.
Saa mbili vipande vya kamera vililala pale
palipolala unga, vikiiva, vikikaza.
Asubuhi mteja akauliza hii harufu ni ya nini.
Akajibu: iliki.

Namba za kasi nilizijaza nyeupe kwa kijiti cha meno,
thelathini, sitini, mia na ishirini na tano,
nikizuia pumzi kama mtu aliyejificha kabatini.
Kwenye tano ya mwisho mkono ulitetemeka.
Iko hivyo mpaka leo, ina kitambi.

Alikuja Ijumaa, mvua ikinyesha.
Hakuangalia rangi. Alipitisha gumba
juu ya weusi, taratibu, mpaka likaanguka bondeni
na kutulia.
Akanyamaza.
Akavuta wenzo. Kraa.
Filamu haimo, mjini haipo, huagizwa Nairobi kwa basi;
akanipiga picha hivyo hivyo, kavu,
nikiwa na kandambili na rangi puani.

"Itadumu?"
"Miaka ishirini, Bi Nkwimba, hata ukiikuna kwa funguo."
"Ishirini!" Akacheka mpaka akashika meza.
"Nina sabini na tisa. Hiyo mingine umempakia nani?"

Akalipa, akasema wabeja,
akakataa mfuko.
Nikamtazama akipanda ngazi katikati ya majabali,
kamera mkononi, gumba likisugua,
likisugua, kama la mtu aliyeajiriwa leo.