Mia Nne

Fomu ina vipengele kumi na tisa.
Naweza kuijaza usingizini:
kucha fupi, aproni safi, nywele zimefungwa,
chakula kimefunikwa, pipa la taka lina mfuniko,
cheti cha kupimwa afya hakijapita miezi sita.
Ila asubuhi ile kalamu ilikuwa nzito,
maana toroli la nane kutoka lango la Mwaloni, Kirumba,
ni la Mama Nyanzobe.

Mwangaluka, akanisalimu. Hakuniita bwana afya.
Aliniita Masalu, kama enzi zile
nina sare moja
ninayoifua usiku na kuivaa ikiwa mbichi.

Supu yake ya vichwa vya sangara ilichemka hasa,
ile ya kurusha mfuniko.
Kuchemka nilikupa alama.
Ndimu zilikuwa ndani ya kioo, nzi nje wakizitazama.
Kosa lilikuwa chini ya toroli:
beseni la bluu, maji rangi ya chai ya maziwa,
mabakuli arobaini yameoga humo tangu alfajiri.

"Maji umeyatoa wapi, mama?"

Akanyoosha kidevu tu.
Ziwa lile pale,
gugu maji, mafuta ya injini za mitumbwi,
korongo wawili wamesimama kwenye tope
kama makarani wasiolipwa.
Bomba la mtaa lina siku ya nne linakohoa hewa.
"Nichemshe supu, au nichemshe beseni?
Makaa yananunuliwa, Masalu."

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo.
Nilikuwa pia na ile wodi ya mwezi wa pili,
vitanda vyenye tundu katikati,
ndoo chini ya kila tundu,
na kijana mpakia dagaa aliyefinya ngozi ya mkono wake
akaiona imebaki imekunjika, hairudi,
akacheka,
kwa sababu hakujua maana yake.

Hayo sikumwambia.
Nikamwaga beseni.
Nikafunika sufuria, nikaandika IMEFUNGWA.
Wateja wawili wakaondoka bila kulipa
wakaniachia tusi dogo la kunitosha.

Mama hakupiga kelele.
Alifuta mikono, akainama,
akatoa daftari lililofungwa kwenye nailoni.
Kurasa zimekuwa laini kama kitambaa.
*Masalu. Supu.*
*Masalu. Supu na chapati.*
*Supu. Baba yake anaumwa.*
*Supu.*
*Supu. Kesho mtihani, nimemwongeza mnofu.*

"Jumlisha," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikajumlisha nyuma ya fomu ya halmashauri,
nimesimama, jua linanipiga kisogoni.
Elfu thelathini na moja na mia nne.
"Ndoo yenye koki bei gani?"
"Elfu kumi na tano."
"Basi ndoo mbili, ya mikono na ya vyombo.
Na sabuni ya elfu moja.
Mia nne inayobaki kaa nayo,
usije ukasema nimekuhonga."

Nikaenda. Bwana afya mzima,
ndoo kichwani, kitambulisho shingoni,
wauza mitumba wananiuliza nimeoa lini.

Maji yalikuja kwa mkokoteni, dumu kwa dumu,
bei ya kuudhi.
Ndoo zikakaa upande juu ya jiwe,
maana mawe ya Kirumba hayajui usawa,
tukazikingia kwa vipande vya tofali.
Saa tano nikaifuta IMEFUNGWA.
Nikanyoosha mkono kuchukua bakuli.
Akautazama mkono.
Akaitazama koki.
Nikanawa, hadi kwenye kiwiko, kama mtu anayetafuta kitu.

Bomba la mtaa bado linakohoa.
Nimeandika barua ya pili; ya kwanza haijajibiwa.
Jumatatu nitapita tena
na fomu, na kalamu,
na mia nne yake, ambayo sijui niiweke kipengele gani.