Kidude chenye Vinywa Viwili

Kililetwa Jumatano, kimefungwa kwenye kanga
iliyochakaa hata jina lake halisomeki.
Bi Zuwena akakiweka mezani pangu, hapa Wete,
kati ya pasi na redio zisizorudiwa na wenyewe.
"Kilikuwa sandukuni mwa kaka yangu Mselem.
Sikiuzi. Nataka kujua ni kitu gani, basi."

Kaseti ya gemu, nikasema. Zile za zamani, za kupuliza.
Lakini haikuwa na karatasi, wala picha ya mtu anaruka,
na mtu kaizungushia utepe mweusi juu na nyuma
kama kidonda.
Nikaichomeka. Kioo kiza.
Nikaipuliza, japo najua mate huleta kutu;
mdomo nao una imani zake.
Kioo kiza.

Shaali, anayejifunza kazi kwangu, akasema imekufa hiyo,
tuivunje tuchukue shaba.
Yakhe, nikamwambia, asiyejibu si lazima awe bubu.
Huenda swali ndilo silo.

Skrubu zake hazina bisibisi kisiwani.
Nikayeyusha kitako cha kalamu ya Biki, nikakikandamiza,
kikapoa kimeshika umbo, kikafungua.
Ndani nilitaraji chipu, nyeusi, na miguu ya tandu.
Hamna. Hamna betri. Hamna hata mchezo mmoja.
Njia za shaba tupu, zinapita, hazikai mahali.
Na nilipobandua utepe: mdomo juu,
mdomo mwengine nyuma.

Nikashika mita. Pini kwa pini, tiii, kimya, tiii,
naandika nyuma ya risiti ya umeme.
Pini sitini na mbili.
Hamsini na nane zinapanda mdomo wa juu.
Nne zinakengeuka, zinakwenda nyuma.
Nne tu. Nilizihesabu mpaka Alasiri ikanipita.

Mashine hizi zina bawabu ndani.
Kila kaseti ina kipande chake cha kumwonyesha,
na kipande cha Japani hakifunguliwi mlango wa huku.
Basi unachomeka ya huku nyuma, iitike kwa bawabu,
na ya Japani juu, ipite.

Nilikuwa nayo moja, mali ya baharia mmoja,
miaka tisa haijawahi kuwaka.
Nikaweka mpira wa Shaali nyuma, ile juu.
Kioo kikawa chekundu, kikajaa maandishi
tusiyoyajua hata moja.
Shaali akapiga kelele, jirani akaja mbio akidhani shoti.

Jumamosi nikamweleza Bi Zuwena, risiti mkononi.
Akanyamaza.
"Kwa hivyo linalosomwa mlangoni si jina la anayeingia."
Ndiyo, nikasema, ni hivyo hasa.
"Mselem alikwenda Maskati kwa pasipoti ya Khatib,
mtoto wa ami yetu. Huko ni Khatib mpaka leo.
Wanawe wanaitwa bin Khatib."
Akaanza kukifunga kwenye kanga, akasita.
"Na ile ya nyuma, mwenziwe akishapita, inafanya nini?"

Nilijua. Nilikwisha jaribu.
Inabaki pale pale, inaitika, inaitika.
Ukiichomoa, na ya mbele inazimika.

"Khatib yuko Gando," akasema.
"Hajapata pasipoti nyengine."

Nikamtoza mia tano. Ya kalamu.