Viungo

Julai Moshi haina mlima, ina ukungu tu,
na vidole vya mama vimegoma kufunga kifungo.
Vimevimba kama tangawizi mbichi.
Namwambia hivyo, hacheki.
Anakata uzi kwa meno.

Maabara kwetu, ng'ambo ya reli,
nimepima nyayo za panya, milimita kwa milimita:
zilizovimba, zilizonywea,
na kati yake unga wa manjano uliochujwa,
ukiziambia seli, tulieni, hapa hapaungui.
Nikaandika daftarini: *uvimbe umepungua.*
Sikuandika kwamba panya wale
hawajawahi kushona sare arobaini
wiki moja kabla shule kufunguliwa.

Jumamosi, soko la Kiboriloni.
Mama Ndeshi anapima kwa kifuniko cha soda:
"Manjano ya Muheza. Haijachanganywa na sembe, niapie nini?"
Nanusa. Udongo, ganda la chungwa, kutu kidogo.
"Na pilipili manga."
"Pilau?"
"Viungo."
"Ndiyo, viungo, vya pilau?"
"Vya mama. Vya vidole."

Hapo tukacheka wote wawili,
maana neno ni moja, na ni nani aliyeliweka
chunguni na kifundoni kwa pamoja?
Nikamweleza: manjano ikienda peke yake
mwili huitimua kabla haijaketi;
pilipili ndiyo huishikia mlango.
"Bibi yangu hakusoma," akasema, akifunga gazeti,
"lakini hakuwahi kuzitenganisha."

Kila usiku, kikombe cha maziwa. Kila Jumapili
kabla ya ibada, pete ya marehemu baba:
inatoka kwenye kopo la sindano,
inavuka kifundo cha kwanza,
inakwama cha pili.
Naandika. *Wiki ya kwanza. Ya pili.*

Wiki ya tatu nikakikuta kikombe nyuma ya cherehani,
kimejaa, na ndani yake
uzi mweupe umelowekwa tangu jana.
"Rangi ya dukani inachuja," akasema Aikande, mama yangu.
"Hii haichuji. Na nikikamua uzi
mikono inapata joto."

Jumapili ya nne ukungu ulifunguka hadi Mawenzi.
Pete ikapanda nusu ya kifundo.
Sijui ni maziwa, ni uzi, ni jua,
ni zile sare zilizokwisha.

"Andika basi," akasema,
kidole cha njano hewani.

Kalamu ninayo mkononi.