Herufi Zilizobaki

Mwaka ule saiba yetu ya Langoni ilikuwa na kompyuta nne,
moja mgonjwa, na daftari nililishika mimi:
jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, shilingi.
Bunu, fundi stima, alikuja baada ya isha
na flashi shingoni kama hirizi.
Somoe, mke wa kaka yangu, alisema anatafuta mishono ya magauni.
Uongo. Alikuja kubishana.

Ubishi wenyewe: ni wapi mtu aseme neno lake fupi
nalo lifike.

Twita ilinipa herufi mia na arobaini, na kando
kijinamba kinachopungua kila ninapogusa kitufe.
"Ubahili," akasema Somoe.
Nikamjibu: wazee wetu walihesabu mizani kwa vidole
na hakuna aliyewaita mabahili.
Tena lugha hii inajua kujikunja.
*Sitakusubiri*: mimi, na wewe, na kesho, na kukataa,
vyote ndani ya herufi kumi na mbili.
Na stima ikikatika, naandika kwa simu yangu ya tochi,
natuma kwa namba ya Uingereza, nalipa kwa uchungu,
linafika.
"Na majibu?"
Majibu yalikuwa yakija. Mwezi wa nane wakayakata.

Somoe alikuwa wa Plurk.
Huko maneno hulala ubavu, mapya kushoto,
ya jana yamesukumwa kulia,
na kuna alama, karma, hushuka ukinyamaza.
Kaka yangu alikuwa Maskati, mwezi wa saba sasa.
Somoe aliandika alfajiri, akaandika adhuhuri,
akaandika kwamba punda amejibanza mlangoni pa benki,
alama isishuke.
Alama za nini, shemeji?
"Angalau kule," akasema, "mtu akinyamaza, wanaona."

Bunu alianzia Jaiku,
ambako jibu hukaa chini ya neno lililolizaa,
kila ugomvi na jamvi lake.
Kisha akahamia Pownce, kwa kuwa Pownce hubeba faili.
Faili ilikuwa moja tu:
mama yake akieleza mkate wa mofa, dakika mbili na kitu,
na jogoo wa jirani akimdakiza.
Mama alitangulia Shaabani.
Flashi ikafa Ramadhani.
Sauti ikabaki huko peke yake.

Desemba Pownce wakatangaza: tunafunga, chukueni vyenu,
wiki mbili.
Bunu alikuwa Faza akifunga jenereta ya skuli.
Ile taarifa niliiona.
Nikadhani ameiona.

Aliporudi, ukurasa ulikuwa umeshafungwa.
Hakulia. Alikaa kompyuta ya tatu, akafungua Twita,
alikowahi kuandika mara moja tu, kwa simu,
ili kunionyesha kwamba mama yake hatoshei humo:

*Mama asema: unga wa mtama, tui la kwanza,
hamira kidogo, chumvi usiulize. Funika kwa kawa.
Usiku uwate uumuke. Alfajiri washa tanuri ukisema*

Hapo ikakatwa.
Tulihesabu, kidole juu ya kioo, nafasi na nukta pia.
Mia na arobaini.
Jogoo hakuwamo. Namna alivyovuta pumzi kabla ya "uwate"
haikuwamo.
Bunu akasoma tena, midomo tu.

Somoe, aliyesimama nyuma akingoja kiti,
ndiye aliyemalizia, taratibu,
kama mtu anayepokea mzigo mlangoni:
bismillahi.

Nikaandika daftarini: Bunu, saa mbili na robo,
saa tatu kasorobo.
Safu ya shilingi nikaiwata.