Nani Anakutegemea

Bolton, saa kumi na moja alfajiri, mvua ya sindano.
Magari ya hospitali yanamwaga mashuka mlangoni
na Bwana Solanki keshafika,
kavua viatu vya nje, kavaa vya ndani,
kagusa kizingiti kwa ncha za vidole, kisha paji la uso,
kama anayeziomba radhi mashine kabla ya kuziamsha.

Miaka sita nimekunja mashuka chini ya macho yake.
Bahasha haitupi: huipasua, akaiandika mgongoni.
Penseli huitumia hadi imponyoke vidoleni.
Hesabu ya sabuni anaiweka kwa mkono, kwa Kigujarati.
"Kompyuta haina haya," husema.
Mchana hali mpaka wa mwisho wetu aketi.
Lakini pia hajawahi kumwambia mkubwa wa Leeds hapana.
Hutikisa kichwa ile tikisa yake, si ndiyo si la,
na tafsiri tunailipa sisi, kwa saa za ziada.

Mwaka juzi akamleta Chirag, mtoto wa dada yake,
kijana wa viatu vyeupe
asiyejua shuka la wodi na taulo la upasuaji.
Tulinong'ona ndani ya mvuke.
Agnieszka hakunong'ona:
"Hii ni kampuni, au ni harusi?"
Nilicheka naye. Moyoni nikajua
Pangani mjomba angefanya vilevile
na aliyeuliza ndiye angeonekana hana adabu.

Februari, Leeds wakataka majina matatu.
Sababu walikuwa nazo wenyewe; walitaka majina.
Akatuita mmoja mmoja ofisini,
chini ya kalenda ya duka la viungo
na picha ya marehemu babaye, shada la plastiki shingoni.
Hakuniuliza nakunja mangapi kwa saa.
Aliuliza: "Nyumbani, nani anakutegemea?"

Nikamtajia. Mama na presha yake.
Binti yangu, kidato cha tatu, ada ya muhula.
Kaka na nyumba yake isiyo paa, nguzo tupu, mwaka wa nne.
Kisha, hofu ikanisukuma ulimi,
nikamwongeza shangazi Mwanahamisi.
Aliandika wote.

Agnieszka aliingia kichwa juu, akatoka kichwa juu.
"Nimemwambia hakuna. Najitegemea."
Alilitamka neno hilo kama nishani.
Na kwa saa moja yeye hukunja mia mbili,
mimi nikijitahidi sana, mia na arobaini.

Ijumaa orodha ikabandikwa.
Jina la kwanza, Chirag.
La pili, Agnieszka.
La tatu sikulisoma; nilishaona si langu.

Chirag aliondoka bila kumuaga mjombaye.
Wiki ile simu ya Bwana Solanki ilikaa kimya mezani,
akiigeuza tumbo, akiigeuza mgongo.
Sanduku la peremende alilompelekea dadaye
lilirudi na utepe wake.
Alitugawia. Ilikuwa tamu, tukashindwa kumeza.

Agnieszka alifungua kabati lake,
akanipa mafuta yake ya mikono, nusu kopo.
"Una watu wengi," akaniambia.
Kama kulikuwa na uchungu, ulikuwa wa Kipolandi,
mimi sikuusikia.

Jana nimefagia ofisi. Bahasha nimeikuta chini ya kikokotoo.
Mama. Binti. Kaka. Majina yetu kwa herufi za kwetu,
na la shangazi limekatwa
kwa mstari mmoja mwembamba, wa rula.
Nilisahau. Yeye asingesahau:
ndiye aliyenipa siku tatu za matanga, miaka miwili nyuma,
na pauni hamsini kamili mkononi.
Ya harusi, alinieleza, huongezwa moja.
Ya msiba haiongezwi.

Pembeni ya mstari kaandika neno, kwa Kigujarati, dogo.
Mtaani kwetu kila nyumba ya tatu wanalisoma.
Nimelibeba kichwani siku nzima, mkunjo wake, kikia chake,
na sijamwomba mtu anisomee.